Yowe Ndani ya Jineri

Mwaka 1966, nikiwa na miaka kumi na moja, baba alikufa na mimi nikakataliwa kunyolewa.

Nieleze, maana vijana wa leo wanazika Jumamosi na Jumatatu wako kazini. Kwetu Misungwi, siku ya kumaliza msiba watoto wa marehemu wananyolewa nywele wote, mkubwa kwanza, mdogo mwisho. Wembe ukipita kichwani mwako, ukoo mzima umeona kwamba wewe ni mtoto wa nyumba ile. Usipopita, nalo wameliona. Mimi nilikuwa mkubwa. Nikakaa mbele kwenye ngozi ya ng'ombe, nimeinamisha kichwa. Aliyeshika wembe alikuwa baba mdogo, mdogo wake marehemu, kijana tu aliyekuwa ameoa juzijuzi. Akanipita. Akaanza na mdogo wangu wa kiume, ambaye mimi na yeye tumbo ni moja, na meno ya utoto yalikuwa bado yanamtoka. Nilidhani baba mdogo amesahau. Nikamvuta shuka. Akasema bila kunitazama:

"Wewe kanyolewe na wenzio wa Ulaya."

Watu walicheka. Msibani, walicheka.

Mimi ni mweupe, na macho yangu yana rangi ya majivu. Baba alikuwa mweusi kama sufuria ya mkaa, na mama ni maji ya kunde. Mtu yeyote mwenye macho alikuwa anajua kuna jambo, lakini baba alipokuwa hai hakuna aliyethubutu kufungua mdomo, maana alikuwa mtu wa mkono mwepesi. Aliniita kwa jina langu. Alinipeleka shule mwenyewe. Alipofunikwa udongo tu, kila mtu akapata sauti.

Wazee walimpa mama chaguo. Abaki pale, arithiwe na mmoja wa ukoo, amlee kijana wake, lakini yule mweupe aondoke. Au aondoke naye, na kijana abaki. Mama akafunga mzigo. Mdogo wangu alilia akishika nguo ya mama mpaka wakambandua vidole. Tuliondoka na lori la pamba mpaka Mwanza, na shule yangu ikaishia darasa la tatu. Yote niliyosoma baadaye nilisoma kwenye magazeti ya kufungia dagaa.

Sitaeleza sana habari za ziwani. Mama alikuwa anaanika dagaa wa watu, mimi nageuza. Mchana kutwa jua linakupiga juu, mchanga unakuchoma chini, na ngozi yangu hii ilikuwa inababuka kama kiazi cha kuchemsha. Wavuvi waliniita Mzungu Njaa. Niliwajibu kwamba njaa inaisha, ila sura zao zile hazina dawa. Nilianza kuuza kwa kopo, nikaja kwa debe, nikaja kwa gunia. Nimezaa, nimezika mume, nimesomesha. Hakuna aliyenishika mkono. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na anayeona najisifu naye aje ageuze dagaa.

Jambo moja tu sikuligusa. Sikumuuliza mama mimi ni mtoto wa nani. Yeye hakusema, mimi sikujua pa kuanzia, na miaka ikapita hivyo, tunakula sahani moja. Nilichojua ni kile kila mtu Misungwi alichokijua: kabla sijazaliwa, mama, akiwa mke wa mtu tayari, alifanya kazi kwenye jineri, kiwanda kile cha kuchambua pamba, na msimamizi wa jineri alikuwa Mwingereza. Alikuja huku kutoka India baada ya Waingereza kuondoka kule. Kofia alikuja nayo ya kulekule, na makarani wa Kihindi aliwagombeza kwa lugha yao. Watu wakajumlisha, wakapata jibu lao. Wakamwita mama mke wa mzungu.

Mama alipozeeka, miguu ikavimba, akawa anakaa kwangu Mkuyuni, palepale Mwanza, chumba cha mbele. Siku moja akaniambia ana ombi moja tu lililobaki hapa duniani. Azikwe Misungwi, pembeni ya mume wake. Basi. Hakutaka saruji, hakutaka kwaya.

Nikampigia simu mdogo wangu. Yeye alikulia kulekule, na amekuwa mtu mzima wa heshima, lakini mwenye kauli ya ukoo bado ni baba mdogo, mzee sasa, meno hana, ila ubishi anao wote. Mdogo wangu akaenda kumwomba. Akanirudishia jibu kwa sauti ya chini kama mtu aliyejificha chooni. Mzee amesema mke wa mzungu akazikwe na wazungu, makaburi yao yapo mjini.

Nilimficha mama jibu hilo. Akajua tu, kwa sababu nilianza kumpikia samaki kila siku.

Ndipo kikaingia kitabu. Mjukuu wangu anasoma chuo huko Nyegezi, anakaa kwangu. Masika iliyopita walipewa kusoma kitabu cha hadithi, kinene kama tofali, alichoandika Mwingereza juu ya India walipokuwa wanaitawala. Jioni akishaosha vyombo anakaa kwenye kizingiti cha chumba cha mama, anasoma. Mama akamwambia asisome kimyakimya kama mtu anayekula peke yake. Basi akawa anatugeuzia kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa, mimi nachambua dagaa kwenye ungo, mama amelala anatazama dari.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Mama mmoja wa Kiingereza, mjane wa hakimu, alilala kwenye nyumba ya wageni ya serikali huko milimani kwenye mashamba ya chai. Mtu akaingia akamnajisi. Yule mama alizimia, hakuona sura. Alichoweza kusema ni kwamba alikuwa mtu wa kule, mweusi. Hiyo ilitosha. Askari wakatoka, vijiji vikachomwa, wanaume wakachapwa hadharani, na wapishi wawili wa nyumba ile wakanyongwa. Kurasa na kurasa. Bwana mwandishi hakuchoka. Tulijua mpaka gauni la mjane lilikuwa na vifungo vya namna gani.

Mjukuu akatuambia walivyofundishwa darasani. Kwamba kwenye vitabu vile mwili wa mwanamke wa kizungu ni kama bendera, ukiguswa jeshi linatoka, na mwili wa mwanamke mweusi ni kama njia ya mguu, anapita anayetaka. Nikaona ada yangu inafanya kazi.

Halafu tukafika mahali pana kitoto cha kike kinachota maji kwa bwana mwenye shamba la chai. Kina macho ya kijivu. Wageni wa bwana wakija kunywa, wanakiita, wanakigeuza uso kwenye taa, wanacheka. Mwandishi naye anacheka nao. Mama wa kitoto kile ni mvuna chai, ametajwa mara moja.

"Wameandika nini juu ya mama yake?" nikauliza.

Mjukuu akatafuta mstari. "Wameandika kwamba zamani bwana alikuwa amemzoea."

"Rudia."

Akarudia. Mikono yangu ikawa haifanyi kazi tena. Nimekaa na dagaa mapajani kama mtu asiyewajua. Nilikuwa nimeishi miaka yote hii nikidhani kiumbe kama mimi hakijawahi kuandikwa na mtu, kumbe kimeandikwa, kinachota maji, kinachekwa.

Mama hakugeuza kichwa. Akamuuliza mjukuu, "Yule mjane alipiga yowe?"

"Hapana, Bibi Mkubwa. Alizimia."

"Na walimuuliza kwa nini hakupiga yowe?"

"Hakuna aliyemuuliza."

"Na huyu wa chai? Yeye walimuuliza nini?"

Mjukuu akapekua mbele, akapekua nyuma. "Hawakumuuliza kitu, Bibi Mkubwa. Harudi tena kwenye kitabu."

Mama akasema, "Mimi nilipiga."

Hapa lazima nieleze tena. Kwetu yowe si kelele tu. Ukipiga yowe, kila anayesikia anaacha jembe anakuja, na asiyekuja ana kesi ya kujibu. Ndiyo iliyokuwa polisi yetu kabla ya polisi. Na mwanamke akishikwa kwa nguvu, swali la kwanza ni lile. Ulipiga yowe? Nani alisikia? Kama hakuna aliyesikia, basi wazee wanasema ulikwenda mwenyewe.

Mama alitueleza taratibu, akitazama dari. Siku ile wanawake walipimiwa pamba yao, wakaondoka. Msimamizi akamwambia yeye abaki afagie manyoya ya pamba chini ya mashine, na mashine zilikuwa bado zinazunguka. Hakusema mengi zaidi, na mimi sitaongeza. Alisema alipiga yowe mpaka sauti ikakatika, na kwamba yeye mwenyewe hakuisikia sauti yake. Alirudi nyumbani na nyuzi za pamba kichwa kizima. Baba alimkalisha kwenye kigoda, akazitoa moja moja mpaka taa ikaisha mafuta. Hakumuuliza kitu. Mimi nilipozaliwa, akanitazama macho, akaenda kuchinja mbuzi kama mwanaume yeyote aliyepata mtoto.

"Alikuwa anajua," mama akasema. "Tangu zile nyuzi."

Mjukuu alikuwa analia. Mimi sikulia. Nilikuwa natafuta simu.

Nilimwambia mdogo wangu amwambie baba mdogo kwamba mama alishikwa kwa nguvu, na alipiga yowe. Nilidhani hilo linatosha. Jibu likarudi: hayo ni maneno ya binti, aje aseme mwenyewe mbele ya wazee. Mtu asiyeweza kutembea mpaka chooni. Nilitaka kukataa. Mama akasema nimtafutie gari.

Tulikwenda mimi, mama na mjukuu, mama amelazwa kiti cha nyuma, miguu juu ya mito. Kikao kilifanyika sebuleni kwa mdogo wangu, televisheni imefunikwa kitambaa, wazee wamejaa kwenye makochi. Mama tulimketisha kwenye mkeka, kwa sababu alikataa kiti. Baba mdogo alikuwa kwenye kochi la mtu mmoja, fimbo katikati ya magoti. Mimi nikampa shikamoo, akaitikia kwa kikohozi. Kwa mama alitakiwa aamkie yeye, maana ni mke wa kaka yake na kamzidi umri. Hakuamkia.

"Tunakusikiliza, mke wa mzungu," akasema.

Mdogo wangu akasema taratibu, "Baba mdogo, huyo ni mama yangu."

"Ndiyo maana amekaa kwenye mkeka wako."

Mama akaeleza. Alieleza kwa Kisukuma, maneno machache, kuliko hata aliyotuambia sisi. Alipomaliza, baba mdogo akauliza swali lile nililojua atauliza.

"Ulipiga yowe?"

"Nilipiga."

"Nani alisikia?"

"Mashine zilikuwa zinanguruma. Wewe umewahi kuingia jineri, shemeji? Mtu anakusemesha sikioni, unaona mdomo tu unacheza."

"Haya. Na njiani je? Na nyumbani? Jineri haikukufuata mpaka kitandani."

Mzee mmoja kwenye kochi akacheka puani. Nilimtazama mpaka akaacha.

Mama akakaa vizuri kwenye mkeka. Nakumbuka alivuta khanga yake ikafunika miguu iliyovimba, kama mtu anayejiandaa kupokea mgeni.

"Ningepiga yowe nyumbani," akasema, "kaka yako angechukua upinde. Unamjua kaka yako. Angefika jineri, angempiga yule mtu mshale, na Waingereza wangemnyonga. Na wewe, shemeji, ulikuwa kijana mdogo, unamfuata kaka yako kila anakokwenda kama mbwa wake. Wangekunyonga na wewe. Nilifunga mdomo, mkaishi. Umezaa, umepata wajukuu. Hao wote ni mdomo wangu niliofunga."

Nje kuku walikuwa wanagombana. Baba mdogo alikuwa anazungusha fimbo yake, anatazama ncha ya fimbo, na nadhani, sijui, nadhani wakati ule alikuwa anamwona kaka yake na upinde. Mimi nilijiambia tumeshinda.

Wazee wakatoka nje kushauriana. Waliporudi, alisema baba mdogo mwenyewe, na safari hii hakumwita mke wa mzungu, hakumwita chochote. Akasema ukoo umesikia. Mama atapata nafasi kwenye makaburi ya ukoo, si ubavuni mwa mume wake, ila miguuni. Na kabla ya hapo achinjwe kondoo, mama atakaswe, ili asiingie na uchafu ule kwa marehemu.

Kwangu kondoo ni nini? Ningeleta kundi. Nilishafungua mdomo kukubali, mama akanishika mkono.

"Kondoo wa kusafisha nini?" akawauliza.

Baba mdogo akasema ndiyo desturi, mwanamke aliyeguswa na mgeni.

"Mimi sikuchafuka," mama akasema. "Nilichafuliwa, nikaoga. Kondoo mngemchinjia yule aliyenichafua, lakini mlimwogopa." Akanigeukia. "Mwanangu, nirudishe Mwanza."

Ndani ya gari niligombana naye, siwezi kuficha. Nilimwambia ni kondoo mmoja tu, mnyama wa kuliwa, ameacha kitu alichokililia kwa ajili ya mnyama. Akaniacha niseme mpaka nikamaliza. Halafu akasema kwamba siku kondoo yule atakapochinjwa, kila atakayekula nyama yake atakwenda kusema mama alikiri, na mimi nitakuwa mtoto wa mwanamke aliyesafishwa. Alisema yeye alikwenda kule kwa mume wake, hakwenda kunifanya hivyo. Akageukia dirishani. Mjukuu alishika miguu ya Bibi Mkubwa njia nzima.

Kwa hiyo ombi lake la mwisho lilikufa kabla yake.

Mimi si mtu wa kukaa na shavu mkononi. Shamba la ukoo limepakana na la jirani mmoja, katikati kuna uzio wa minyaa, na kaburi la baba liko karibu kabisa na uzio. Nilimfuata yule jirani, nikanunua upande wake wote unaogusa minyaa. Aliniuliza nitalima nini kwenye mawe yale. Nikamwambia hayo ni yangu.

Nilimwambia mama. Akauliza kama kutoka pale kaburi la mumewe linaonekana. Nikasema linaonekana, ukikata matawi kidogo. Akasema, "Usikate. Minyaa ina maziwa makali, itakuharibu macho." Hakusema asante wala hakusema hapana. Alikuwa ametaka ubavuni, mimi nilimpa ng'ambo ya uzio. Sote wawili tulijua tofauti.

Alikufa kiangazi, mchana, wakati mjukuu anamlisha uji.

Tulimzika pale. Watu walikuja wengi kutoka Mwanza, wachuuzi wenzangu wa dagaa, majirani wa Mkuyuni, na wachache wa ukoo waliojificha nyuma ya wengine. Baba mdogo hakuja. Kutoka mlangoni kwake, juu kwenye mwinuko, kaburi linaonekana vizuri kabisa, na mlango ulikuwa umefungwa, ingawa joto lilikuwa kali na hakuna mtu Misungwi anayefunga mlango mchana.

Siku ya kumaliza msiba, mdogo wangu alitandika ngozi ya ng'ombe kwenye mawe yangu. Alikuja na wembe mpya na beseni la maji. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na wapishi, sikutaka watu wanione nangoja. Akaita, kwa sauti ya kutosha kuvuka minyaa, ifike kwenye ule mlango uliofungwa:

"Mkubwa kwanza."

Nikaenda nikakaa, nikainamisha kichwa. Nywele zenyewe zimebaki chache na zote nyeupe, nilimwambia asipoteze wembe. Akanikata juu ya sikio. Kovu lipo.

Mjukuu aliandika kazi yake ya chuo juu ya yule mvuna chai. Mwalimu alimpa maksi za kupita tu, akasema ameandika kurasa nyingi juu ya mtu ambaye kitabuni ana mstari mmoja. Mjukuu alikasirika. Mimi nikamwambia aninunulie daftari. Herufi amenisahihisha yeye, maneno ni yangu.

Leo nina nyumba mbili Mkuyuni, moja naishi, moja ina wapangaji. Nina banda la dagaa Mwaloni na mizani yangu mwenyewe. Nina lori moja aina ya Canter, linalokwenda Shinyanga na kurudi. Nina ng'ombe kwa mdogo wangu, anawachunga na wake. Nina shamba la mawe Misungwi, na ndani yake kaburi moja lenye jiwe, limeandikwa jina la mama na chini yake jina la mume wake. Nina ule wembe. Kondoo sifugi.